Nilizitupa Dawa za Mdogo Wangu

Ninaishi hapa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Mimi ni mvuvi na mkulima wa mpunga. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la kisomo. Leo nakuandikia kwa sababu nilifanya kosa. Kosa hilo nusura limwue mdogo wangu. Nataka ulijue ili wewe usilifanye.

Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe aliniambia, "Kaka, habari iandike, lakini jina langu liache." Basi nitamwita mdogo wangu.

UDONGO ULIKAUKA

Sisi ni Wakisi. Kwetu wanawake ndio wafinyanzi. Bibi yetu alifinyanga, mama yetu alifinyanga, na mdogo wangu alianza kushika udongo tangu utoto. Siku ya Jumamosi watu hukusanyika katika soko la vyungu la Lyulilo. Wengine huja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vimepangwa ndani yake. Vyungu vya mdogo wangu vilikuwa vikiisha mapema. Watu walivipenda kwa sababu havikuvuja, na midomo yake ilikuwa laini.

Kisha ulikuja mwaka mmoja, akabadilika.

Hakufiwa. Hakuachwa na mume. Njaa haikuwapo nyumbani kwake. Lakini alianza kuamka saa tisa za usiku na kukaa kitandani mpaka kunapambazuka. Chakula kilimshinda. Ukimpa wali kwa samaki, alikula matonge mawili, akanawa. Nguo zikaanza kumpwaya. Soko akaliacha. Udongo alioukanda ukakauka uani mpaka kuku wakawa wanauchakura.

Nilimwuliza, "Dada, unaumwa nini?" Akasema, "Siumwi. Nimechoka tu." Siku nyingine akasema, "Kaka, mimi ni mzigo kwenu." Neno hilo nililisikia, lakini sikulielewa. Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye uchovu.

Majirani walisema mengi. Mmoja alisema ni uvivu. Mwingine alisema amelogwa kwa ajili ya biashara yake. Tulimpeleka kwa mganga wa kienyeji, tukatoa kuku na fedha. Tulimwombea pia. Maombi yalimfariji kwa siku moja au mbili. Kisha giza lilirudi. Hali hii ilidumu zaidi ya miezi mitatu.

MASWALI YA DAKTARI

Hatimaye mke wangu alisema, "Twende hospitali. Mtu asiyelala wala kula ni mgonjwa." Tukakodi bodaboda mbili, tukaenda.

Daktari alimpima damu. Alitafuta malaria na upungufu wa damu. Kisha alimwuliza maswali mengi kwa upole. Unalala saa ngapi? Kazi uliyoipenda, bado unaipenda? Unajilaumu? Umekuwa hivi kwa muda gani? Halafu akamwuliza, "Je, umewahi kufikiri kuwa ni heri ufe?"

Nilishtuka. Nilitaka kumkataza daktari. Niliona kama anamfundisha mgonjwa jambo baya. Lakini mdogo wangu aliinamisha kichwa, akajibu, "Ndiyo. Kila siku." Kisha akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu augue.

Ndugu msomaji, hapo nilijifunza jambo. Kumwuliza mtu kama anafikiri kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Kama wazo limo, limo tayari. Swali humfungulia mlango wa kulisema.

Daktari alituambia kuwa ugonjwa huu unaitwa sonona. Alisema si uvivu, si uchawi, wala si udhaifu wa imani. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wanaugua sonona. Tajiri anaugua, maskini anaugua. Kwa mdogo wangu ugonjwa ulikuwa umefika hatua kali. Kwa hiyo daktari alisema anahitaji dawa pamoja na mazungumzo.

Alimwandikia vidonge viitwavyo amitriptilini, anywe usiku. Alitueleza mambo matatu. Kwanza, dawa haifanyi kazi siku ile ile. Inahitaji wiki 2 hadi 4, na kwa wengine hata 6. Pili, usumbufu huja kwanza, nafuu huja baadaye. Tatu, vidonge avitunze mtu mwingine, asivitunze mgonjwa.

Mambo hayo niliyasikia. Lakini kusikia na kushika ni mambo mawili.

KOSA LANGU

Wiki ya kwanza mdomo wa mdogo wangu ulikauka. Alikuwa akiomba maji kila mara. Choo kikawa kigumu. Asubuhi alikuwa mzito kama mtu aliyelewa. Siku moja alisimama kwa haraka, akapata kizunguzungu, akashika ukuta. Wiki ya pili ilikuja, na moyo wake ulikuwa vile vile.

Majirani wakaanza tena. "Hivyo ni vidonge vya wendawazimu." "Vitamfanya zezeta." "Akivizoea hataviacha mpaka kufa." Rafiki yangu mmoja wa ziwani aliniambia, "Wewe ni kaka mtu. Unakaa unatazama ndugu yako akilishwa sumu?"

Maneno hayo yaliniingia. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa mdogo wangu. Nikaichukua bahasha ya vidonge. Nilisoma maandishi yaliyo juu yake: kidonge kimoja, usiku. Nilijua kusoma, ndugu msomaji, lakini sikujua nilichokuwa nafanya. Nilisukuma mtumbwi wangu, na tulipofika maji ya kina nikavitupa ziwani. Nilirudi nikiwa na furaha. Nilidhani nimemwokoa.

Siku ya pili na ya tatu alikuwa na jasho na kichefuchefu. Usingizi ukakatika kabisa. Siku ya sita, alfajiri, binti yake mkubwa aliamka akaona mama yake hayupo, na mlango uko wazi. Mtoto yule ana akili. Hakungoja kuniita. Alikimbia ufukweni, akamkuta mama yake amesimama peke yake majini. Alimshika mkono, akakataa kuuachia. Alipiga kelele mpaka wavuvi waliokuwa wakirudi na usipa wakamsikia.

Mimi nilikuwa mmoja wa wavuvi wale.

Sitasahau jua la siku ile likichomoza juu ya Milima ya Livingstone. Mdogo wangu ametetemeka, binti amemshika, na mimi nimesimama na nyavu zangu. Hakuna aliyenilaumu. Hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

TULIRUDI HOSPITALI

Asubuhi hiyo hiyo tulirudi. Nilimweleza daktari ukweli wote. Nilitazamia anigombeze. Hakunigombeza. Alinivutia kiti, akaniambia, "Mzee, ukisia mpunga leo, utavuna kesho?" Nikajibu, "Hapana." Akasema, "Wewe umeng'oa miche kabla haijashika."

Kisha alinieleza polepole. Vidonge havikuwa sumu. Vilikuwa havijafika wakati wake wa kuleta nafuu. Ukavu wa mdomo na uzito wa asubuhi ni usumbufu unaojulikana, na mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Jasho na kichefuchefu vilikuja kwa sababu dawa ilikatwa ghafla. Na jambo la ufukweni lilitoka kwenye ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uliachwa bila kizuizi.

Mdogo wangu alilazwa kwa siku kadhaa. Ndugu walikaa naye kwa zamu. Alipotoka, daktari alimpa dawa nyingine iitwayo fluoksetini, ya kunywa asubuhi. Nilimwuliza kwa nini amebadilisha. Jibu lake nataka nikupe wewe pia, kwa sababu ni jambo la usalama.

HATARI NI IPI, NA USALAMA NI UPI?

Amitriptilini ni dawa ya zamani. Imewatibu watu wengi kwa zaidi ya miaka 60. Mtu akinywa kiasi alichoandikiwa, inamsaidia. Lakini akimeza nyingi kwa pamoja, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kumwua. Mtoto mdogo akiokota vidonge vichache tu na kumeza, naye anaweza kufa. Kwa hiyo kwa mgonjwa anayefikiri kufa, daktari huwa mwangalifu sana. Ama hutoa vidonge vichache vya wiki moja, ama huchagua dawa nyingine.

Fluoksetini ilianza kuuzwa baadaye. Marekani waliiruhusu mwaka 1987. Mtu akimeza nyingi, hatari yake si kubwa kama ile ya amitriptilini. Hata hivyo nayo ni dawa, si peremende. Inaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi, wasiwasi wa siku za mwanzo, na kupunguza hamu ya tendo la ndoa.

Je, dawa hizi zinafanya kazi kweli? Mwaka 2018 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio 522 juu ya dawa 21 za sonona. Watu waliopimwa humo walikuwa 116,477. Wengine walipewa dawa ya kweli, wengine vidonge vilivyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Dawa zote 21 zilisaidia kuliko vidonge vitupu. Amitriptilini ilikuwa miongoni mwa zilizosaidia zaidi.

Lakini daktari hakunificha. Alisema dawa haimsaidii kila mtu. Wengine hubadilishiwa mara moja au mbili kabla ya kupata inayowafaa. Na mwenye sonona nyepesi kwa kawaida hahitaji kuanza na vidonge. Huyo huanza na mazungumzo, msaada wa watu, na kurudia kazi zake kidogo kidogo. Vidonge vina kazi kubwa pale ugonjwa ulipokuwa mkali, kama wa mdogo wangu.

VIJANA WAANGALIWE ZAIDI

Nilimwuliza daktari jambo nililolisikia sokoni. Watu walisema dawa za sonona zinawafanya watu wajiue. Je, ni kweli?

Alijibu kwamba swali hilo ni zuri na lisipuuzwe. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliagiza onyo liwekwe kwenye dawa hizi kwa ajili ya watoto na vijana. Katika majaribio ya wakati ule, kati ya vijana 100 waliopewa dawa, wapatao 4 walikuwa na mawazo au vitendo vya kutaka kujiua. Kati ya 100 waliopewa vidonge vitupu, walikuwa kama 2. Katika majaribio hayo hakuna aliyekufa kwa kujiua. Mwaka 2007 onyo hilo liliongezwa mpaka kwa vijana wa miaka 24. Kwa watu wazima wa umri mkubwa kuliko huo hatari haikuongezeka, na kwa wazee ilipungua.

Maana yake ni nini? Si kwamba kijana mgonjwa anyimwe dawa. Sonona isiyotibiwa inaua pia. Maana yake ni kwamba kijana aanze dawa chini ya macho ya mtaalamu, na nyumbani awe na mtu wa kumtazama wiki za mwanzo.

Kwa mtu wa umri wowote, wiki za mwanzo ni za kuangaliwa. Pengine nguvu za mwili hurudi kabla matumaini hayajarudi. Mgonjwa ambaye jana hakuweza kuinuka leo anaweza kutembea, lakini moyo wake bado una giza. Ukimwona anahangaika, hatulii, hana usingizi kabisa, au anaanza kuaga watu na kugawa vitu vyake, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya miadi.

MAMBO YA KUMWAMBIA DAKTARI

Kabla ya kutoa dawa ya pili, daktari aliuliza tena. Nami nakuandikia maswali yake ili ukienda na mgonjwa wako uwe na majibu.

Aliuliza kama mdogo wangu aliwahi kupata siku za furaha iliyopita kiasi: halali, anasema mno, anatumia fedha ovyo, anajiona hawezi kushindwa. Mtu wa namna hiyo ana ugonjwa mwingine wenye pande mbili. Akipewa dawa ya sonona peke yake, anaweza kupanda upande wa pili na kuwa na kichaa cha furaha. Anahitaji matibabu mengine.

Aliuliza kama ana ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, au shida ya kukojoa. Amitriptilini inaweza kuzidisha mambo hayo.

Aliuliza dawa nyingine anazotumia. Dawa ya maumivu iitwayo tramadoli ni hatari ikichanganywa na dawa hizi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikichanganywa na fluoksetini zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Dawa za mitishamba nazo zitajwe. Usione aibu. Daktari hawezi kukukinga na jambo usilomwambia.

Aliuliza kama ana mimba au ananyonyesha. Mama mjamzito asianze wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Aseme, ili daktari apime faida na hasara.

Aliuliza pia juu ya pombe. Hapa kwetu kimpumu hakikosekani penye shughuli. Pombe huzidisha sonona, na ikikutana na amitriptilini humfanya mtu asinzie kupita kiasi. Anayetumia dawa aiache pombe.

JINSI TULIVYOTUNZA DAWA

Safari hii tulifanya mpango. Tulikaa kikao cha ukoo, wanaume na wanawake, na binti naye akawemo. Vidonge alivitunza mke wangu ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni. Kila asubuhi alimpelekea mdogo wangu kidonge kimoja na kikombe cha uji, akakaa naye mpaka amemaliza vyote viwili.

Mke wangu aliweka daftari. Kila kidonge kilipomezwa, aliweka alama. Yeye na mimi tulisoma darasa moja la kisomo. Zamani nilidhani daftari ni la kuandika madeni ya samaki tu. Sasa najua daftari linaweza kulinda uhai wa mtu.

Binti alikuwa na kazi yake: kulala chumba kimoja na mama yake. Mimi nilipewa kazi ya kwenda na mgonjwa hospitali kila siku ya miadi, na kumnyamazisha kila mtu aliyesema vidonge ni sumu. Kazi hiyo ilinifaa, maana maneno yao nilikuwa nimeyaamini mimi mwenyewe.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa na kichefuchefu, akala kidogo kidogo. Wiki ya tatu alilala mpaka jogoo wa kwanza. Wiki ya nne aliomba ndizi za kuchemsha. Wiki ya sita nilipita kwake nikamkuta uani amechuchumaa. Alikuwa anamwagia maji udongo uliokauka. Nilisimama nyuma ya ua bila kusema neno. Baadaye aliniambia, "Nilikuona, kaka. Ungekuja tu unichotee maji."

DAWA PEKE YAKE HAITOSHI

Daktari alisisitiza mazungumzo. Kila alipokwenda, aliongea na muuguzi aliyejifunza kazi hiyo. Alitufundisha na sisi kusikiliza bila kukatiza, na kuacha maneno kama "jikaze" au "wenzako wana shida kubwa kuliko wewe". Maneno hayo hayamjengi mgonjwa. Humfanya aone aibu, afiche.

Hata nchi za jirani zimeonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kusaidia. Huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, wataalamu walifanya jaribio katika vijiji 30. Watu wenye sonona walikusanyika katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwamo. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, akina bibi waliofundishwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao. Mpango huo ulianzishwa na daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda.

Basi usiseme, "Mimi si daktari, nitafanya nini?" Unaweza kukaa naye. Unaweza kutunza ufunguo. Unaweza kwenda naye siku ya miadi.

KUACHA DAWA

Watu huuliza kama dawa hizi hazina mwisho. Wengi hawazinywi maisha yao yote. Lakini si vizuri kuziacha siku ile unapojisikia mzima. Kwa mgonjwa wa mara ya kwanza, madaktari hupenda aendelee kwa miezi mingine 6 au zaidi baada ya kupona, mara nyingi miezi 9 hadi 12. Aliyeugua mara nyingi huenda akaendelea miaka. Na kuacha kwenyewe ni kwa kupunguza polepole, daktari akiongoza.

Je, zinalevya? Hapana. Hazimfanyi mtu aongeze kila siku wala kuiba ili azipate. Lakini mwili huzizoea, na ukizikata ghafla unasumbuka: jasho, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mbaya. Kwa hiyo usingoje vidonge viishe ndipo ukumbuke hospitali. Wakati wa masika njia zetu hujaa maji na mito hufurika. Nenda mapema.

Mdogo wangu alitumia dawa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kupona. Kisha daktari alianza kumpunguzia. Nilikuwa na hofu, nikamwuliza mara kwa mara kama analala. Siku moja alicheka, akasema, "Kaka, sasa wewe ndiye usiyelala." Leo hatumii tena. Anajua dalili zake: akianza kuamka saa tisa za usiku kwa siku nyingi, na udongo ukimchosha kuutazama, atasema mapema. Na sisi tunajua la kufanya.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, mimi nilitupa dawa kwa kumpenda mdogo wangu. Upendo nilikuwa nao. Nilikosa maarifa, na nilikosa kuuliza. Ningekwenda hospitali na kusema, "Daktari, mgonjwa anakauka mdomo, ana kizunguzungu, naogopa," angenijibu kwa dakika chache. Badala yake nilimwuliza mvuvi mwenzangu.

Kwa hiyo shika haya:

Mtu akikosa usingizi, chakula na furaha kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke zahanati au hospitali.

Mwulize bila hofu kama anafikiri kufa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mpeleke siku hiyo hiyo.

Vidonge vitunzwe na mtu mwingine, mahali penye kufuli, mbali na watoto. Vilivyobaki virudishwe hospitali. Visitupwe ziwani kama nilivyofanya mimi.

Usimpe mtu dawa ya sonona aliyoandikiwa mwingine.

Usumbufu ukitokea, mweleze daktari kwanza. Usikate dawa wewe mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mdogo wangu Lyulilo kwa mtumbwi wangu. Alikuwa na vyungu 14. Tulipofika mahali pa maji ya kina nilinyamaza, maana ndipo nilipovitupa vile vidonge. Yeye hakujua ninawaza nini. Alikuwa ameshika mtungi mkubwa katikati ya magoti yake, akaniambia nipige kasia polepole, mawimbi yasije yakauvunja.

Nilipiga polepole. Kufika adhuhuri vyungu vyote vilikuwa vimekwisha.

Ukimaliza kusoma habari hii, mpe jirani yako gazeti. Kama hajui kusoma, msomee.